Re: Siku 5 zinatosha kupanda Kilimanjaro?

Mkuu umeuliza kama siku 5 zinatosha maana we ni mtu wa mazoezi, aisee kule juu hewa ikishakuwa nyepesi misuli haikuokoi, nimeona majamaa wa jimu wanatapika huku bi mkubwa mmoja anawapita taratiibu. Chukua njia ya Machame, siku 7. Siku ya tatu mnapandishwa mpaka kwenye mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, hapo kichwa kinaanza kugonga, halafu mnashuka kulala kambi ya Barranco kwenye mita 3,900 na kitu, ndo mwili unazoea. Mwongozaji akisema pole pole usimpite, na maji kunywa hata kama huna kiu. Ukianza kuyumba kama mlevi usijikaze kisabuni, mwambie akushushe hapo hapo.