Kukosa Miadi ya Daktari Bila Kutoa Taarifa: Je, "Inshaallah" Inatosha?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nilipangiwa kumwona daktari wa moyo baada ya kungoja miezi minne. Asubuhi ya siku yenyewe mama akazidiwa, nikashinda naye. Sikwenda wala sikupiga simu. Mume wangu anasema sina kosa kwa kuwa nilisema inshaallah, na daktari analipwa hata nisipokwenda. Moyo haujatulia, na naona haya kurudi. Je, nifunge siku tatu za kafara?

JIBU: Waalaykumu salaam. Mwenyezi Mungu amponye mama. Kutokwenda kwako si dhambi, dada yangu. Udhuru wako uko wazi. Wala huna kafara. Zile siku tatu ni za aliyevunja kiapo akawa hana uwezo wa kulisha au kuvisha masikini kumi (Al-Maida, 89), nawe hukuapa.

Kilichobaki ni ile simu. Hapo sikubaliani na mumeo, na nitarefusha kidogo, maana maneno yake nayasikia kila mara, hata kwa watu wa swala tano.

Inshaallah tumefundishwa katika Al-Kahf, aya ya 23 na 24, ili mja asijione anaimiliki kesho. Anayeitamka ili apate mlango wa kutokea amelifanya jina la Mola wake kuwa kisingizio, na hilo linanitisha kuliko miadi yenyewe.

Huenda mumeo akasema wanazuoni wengi wanaona kutimiza ahadi ni jambo la kupendeza, si wajibu. Kweli, wengi wamesema hivyo. Lakini kauli mashuhuri kwa Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, ni kwamba ahadi inamlazimu mwenyewe ikiwa mwenzake ameingia gharama kwa kuitegemea. Basi itazame kliniki siku ile: faili limetolewa, chumba kimeandaliwa, muuguzi anasimama mlangoni anaita jina lako mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ipo pia hadithi ya Zayd bin Arqam, kwamba aliyeahidi kwa nia ya kutimiza kisha asitimize hana dhambi. Tirmidhi aliyeipokea amesema isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, si madhubuti. Na hata tukiichukua, inamwondolea lawama aliyeshindwa kufika. Haimpi ruhusa ya kunyamaza mwenye simu mkononi.

Ama mshahara wa daktari, mumeo amemsahau mwenye haki mkubwa. Yupo mgonjwa aliyeambiwa nafasi zimejaa, akarudi nyumbani na maumivu yake. Ungepiga simu, hata saa moja kabla, pengine angeitwa yeye. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na hakuweka sharti kwamba umjue unayemdhuru.

Wewe, hata hivyo, sikuweki na wanaopuuza. Mtu anayemshika mama yake mkono akihema kwa shida hakumbuki simu iko wapi, na aliyesahau hana dhambi. Pengine ulikumbuka jioni ukaona haya kupiga. Hapo ndipo pa kuomba maghufira. Na yule mgonjwa usiyemjua, mwombee shifaa.

Ninaloliogopea zaidi ni hii haya yako ya kurudi. Nimewaona watu wanaikosa miadi moja, wanaogopa kukaripiwa mapokezini, mwaka unapita bila tiba. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake. Moyo si ugonjwa wa kuvumilia kwa aibu. Piga simu kesho asubuhi, au mumeo akupigie. Semeni maneno machache: mama alizidiwa, samahani hatukutoa taarifa, tunaomba nafasi nyingine. Ukipewa tarehe, mwachie mtu wa nyumbani namba ya kliniki, ili likitokea jambo apige yeye. Na kama dalili zimezidi tangu siku ile, usingoje tarehe. Nenda hospitali leo.