Fedha Inayotema, Paladiamu Nyeusi: Maswali Yenu Wiki Hii

Mimi ni sonara, Mji wa Kale. Nikiyeyusha unga wa fedha safi, ikianza kuganda inatema matone, na kipande kinabaki na vitundu. Je, unga una oksijeni ndani?

Oksijeni ipo, bwana sonara, ila si lazima iwe imetoka kwenye unga. Hata kama sehemu yake ni oksaidi, yaani fedha iliyoungana na oksijeni, joto la chini ya nyuzi 500 linatosha kuivunja, nayo fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961. Tabu inaanza ikishakuwa maji: hunywa oksijeni ya hewani hadi kama mara 20 ya ujazo wake, kisha ikiganda haina pa kuiweka, inaitapika. Funika uso kwa makaa yaliyosagwa, yawe makavu kabisa. Usiizidishie tochi hewa. Ule moto wa buluu wenye ncha kali unaovuma ndio unaokuponza. Acha makaa yafanye kazi dakika chache, na umimine yakiwa bado yametanda juu. Kulisha unga kidogo kidogo huku uso uko wazi, kama wengi wanavyofanya, ni kuilisha hewa vilevile.

Dhahabu niliyoichuja kwenye asidi imetoka unga wa kahawia. Ni kutu?

Hapana. Dhahabu haishiki kutu, na chembe zake zikiwa ndogo sana huonekana kahawia. Ioshe kwa maji ya moto, ikaushe, iyeyushe.

Niko Changamwe, natoa paladiamu, ile metali ya thamani, kwenye vichujio vya moshi vya magari. Nikiupasha moto, unga unakuwa mweusi. Rafiki yangu ananiambia nipitishe haidrojeni.

Rafiki yako anajua kemia, lakini hajakueleza hatari. Paladiamu ikiiva hewani inashika oksijeni, ndio weusi unaouona. Ukipandisha hadi kama nyuzi 850 inaiachia, halafu ikipoa polepole hewani inaishika tena. Ndiyo maana viwandani huipashia ndani ya haidrojeni, oksijeni ikatoka kama mvuke wa maji. Kisha huipozea ndani ya naitrojeni au agoni, kwa sababu paladiamu iliyopoa humeza haidrojeni hadi karibu mara 900 ya ujazo wake.

Sasa hatari yenyewe. Haidrojeni ikichanganyika na hewa, kuanzia asilimia 4 hadi 75, hulipuka, na unga wenyewe unaweza kuwa kiberiti. Mwaka 1823 Döbereiner, mkemia wa Ujerumani, aliona platinamu ya chembe ndogo sana, metali ya jamii moja na paladiamu, ikiwasha haidrojeni bila moto wowote, akatengeneza taa kwa njia hiyo. Wenye tanuru husukuma hewa yote nje kwa naitrojeni kwanza, na wengi hutumia mchanganyiko wenye haidrojeni asilimia 5 tu. Kwenye kibanda cha mabati, ndugu yangu, usijaribu. Uza unga kama ulivyo.

Mnunuzi alinikata uzito akisema unga wangu wa paladiamu “una hewa”. Nimeibiwa?

Huenda, huenda si kweli. Gramu 100 za oksaidi tupu ya paladiamu zina gramu 87 za madini. 13 ni oksijeni. Na joto hili letu la pwani lenye unyevu nalo huongeza gramu kwenye unga ulioachwa wazi. Ukaushe, ufunge kwenye chupa yenye kifuniko, na kabla ya kukubali bei dai sampuli ipimwe mbele yako, kabla na baada ya kuondolewa oksijeni. Akikataa, tafuta mwingine.