Shangazi Nijibu: Wazazi wameachana, sijielewi

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi msichana wa miaka 16, niko fomu tuu. Mwaka jana wazazi waliachana, nyumba tuliyopanga Tabata ikarudishwa, mama akaenda Maskati kufanya kazi za ndani, baba kaoa, mi nikaletwa kwa bibi Muheza. Huku wananiita wa Dar, likizo nikienda Dar naambiwa nimekuwa wa shamba. Ufunguo wa ile nyumba bado uko kwenye begi langu la shule na wanakaa watu wengine. Nikimpigia baba naona kama namsaliti mama. Ninapotulia ni alfajiri tu, naamka saa kumi namsaidia bibi vitumbua, mchele tumeusaga jana yake na nazi na iliki, ukishaumuka ananiachia chuma nigeuze mwenyewe, na daftari la wanaokopa nalishika mimi maana yeye alikuwa anahesabu kichwani watu wanamdhulumu, saizi hapotezi hata mia. Shangazi, mi wa wapi sasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Ndoa ya wazazi wako hukuivunja wewe na huna wajibu wa kuiunga, kwa hiyo baba mpigie kwa amani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inasema wazazi wakitengana mtoto atunzwe na asomeshwe kwa kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla, na akitaka kwenda kukaa kwa mzazi mwingine aende, ilimradi masomo yasiharibike. Madaftari na sare mdai baba bila aibu. Akigoma, nenda na bibi ustawi wa jamii pale wilayani, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Hilo la wewe wa wapi, baba umempa maneno mawili, vitumbua umevieleza mpaka iliki nimeisikia huku. Tabata nani aliwahi kukukabidhi daftari la hela? Huyo mtoto anayemlinda bibi yake asidhulumiwe umemkuta Muheza, na mi nampenda sana. Bado utajikuta na mengine, usijiharakishe, ufunguo nao kaa nao tu mpaka utakapochoka kuubeba. Mama akipiga msimulie habari ya daftari, maana huko aliko huenda anadhani unashinda unalia. Na wiki ya mitihani mwambie bibi shangazi kasema akuache ulale.