Mkuu, kabla hujamwajiri huyo mchoraji wa mabomba, mpe penseli

Ngoja kwanza. Umeandika una vijana watatu wa kuchora maji safi, maji taka na njia za umeme za hosteli, unauliza uwapime vipi, uwalipe kiasi gani na wawe wanajua programu ipi. Halafu chini kabisa umedokeza kuwa moyo umeshamwangukia wa pili kwa sababu "kazi zake kwenye laptopu zinapendeza, hadi masinki yanang'aa". Hilo la masinki kung'aa ndilo limenitoa kitandani saa tano usiku. Mimi nilishalipia masinki ya kung'aa.

Ilikuwa Dodoma, 2019, hosteli ya wanafunzi, sakafu ya chini na mbili juu yake. Msanifu mmoja rafiki yangu akaniambia, "Chukua huyu kijana, ni moto." Kijana akaja, akafungua laptopu, akaligeuza jengo kama chapati kwenye tawa: bomba za bluu za maji baridi, nyekundu za moto, kahawia za choo. Mimi niliyeanza maisha kwa kukata bomba kwa msumeno nikakaa pale mdomo wazi kama mtoto anayeangalia katuni. Sikuomba mkato hata mmoja, yaani mchoro wa jengo kama umelikata kwa kisu ukalitazama kwa ubavu. Nikampa kazi na nauli juu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hela ilipotokea mlangoni. Vyoo vya upande wa mashariki, ghorofa ya kwanza, vilikuwa mita 14 kutoka kwenye bomba la wima. Bomba la choo la inchi nne, hilo tunaloandika 110 mm, ukiliwekea slopu ya 1 kwa 40, yaani lishuke mita 1 kwa kila mita 40 za urefu, katika mita 14 linashuka milimita 350. Bimu zetu, ile mihimili ya zege, zilining'inia milimita 300 chini ya slabu, yaani sakafu ya zege ya juu. Dari tulipanga ifunike bimu tu, basi. Hesabu ya darasa la sita. Lakini ukiangalia plani kutoka juu, bimu ni mistari miwili ya vidoti na bomba ni mstari wa kahawia unaopita juu yake kwa raha zake. Kwenye plani kila kitu kinapita. Kwenye plani hata mimi na kitambi changu napita tundu la sindano.

Siku mbili kabla ya kumwaga zege, fundi bomba wangu, mzee wa watu asiyejua hata kuwasha kompyuta, akaja na swali: "Bosi, hili la huku linatoboa wapi?" Nikampigia kijana. Akasema fuateni mchoro. Na mimi, mkuu, nikamgeukia mzee wa miaka thelathini kazini nikamwambia fuata mchoro. Mzee akaniangalia, akavaa kofia yake, akaondoka. Mpaka leo nikikumbuka ile kofia naona haya.

Tukamwaga. Hakuna slivu hata moja kwenye bimu, yaani kile kipande cha bomba pana kinachofungwa kwenye nondo mapema ili kuacha tundu. Mirunda ikatolewa, fundi akapanda na bomba lake, akakuta ukuta wa zege mbele. Nikamwomba mhandisi wa jengo ruhusa ya kutoboa. Akakataa, na alikuwa sahihi: tundu lile lingeangukia karibu na nguzo na kukata nondo. Ikabaki kupita chini ya bimu. Piga hesabu: milimita 300 za bimu, 110 za bomba, 350 za slopu, jumla 760. Kutoka sakafuni hadi chini ya slabu tulikuwa na mita 2.8. Ukiweka dari kwenye mita 2 na mlango una 2.1, mlango unafungukia wapi? Kwenye maombi?

Hapo nikafanya kosa la pili, la kiburi. Nikalaza bomba. Nikaliwekea mteremko wa milimita 60 tu kwa mita zote 14, dari ikakaa 2.3, nikapiga picha, nikatuma WhatsApp na kidole gumba. Hiyo ni slopu ya 1 kwa 230 na kitu. Maji yanaondoka, mzigo unabaki. Wanafunzi waliingia, na wiki ya pili tu chumba cha mwisho wakaanza kuoga na maji ya jirani. Kila Jumamosi nikawa namtuma mtu na waya wa kuzibulia. Walinzi wakampa jina, sitaliandika hapa.

Mwisho wake: bomba jipya la wima ukutani nje, chemba mbili mpya (yale mashimo ya kukagulia bomba la taka), kuvunja vigae vya mabafu manne, kuchimba uwanja uliokwisha wekwa vitofali. Milioni 19 kutoka mfukoni mwangu, na mwenye jengo akashikilia malipo ya mwisho miezi mitano. Lile bomba la nje tulilizungushia mbao tukalipaka krimu. Mke wangu akipita pale analiita "gari lako". Kweli, hela yake ilikuwa ya gari.

Yule rafiki msanifu sijammaliza bado. Baadaye nikagundua hajawahi kuona kijana akichora mkato. Alikuwa anamtumia kutengeneza picha za kuwashawishi wateja, basi. Sasa mtu wa kupaka rangi unamtuma kwa mwenzio kama mtu wa mabomba? "Ni moto." Moto kweli, ukaniunguza mimi. Na hao wanaofundisha wiki sita kitufe cha bomba kiko wapi bila kumwambia mwanafunzi kwamba uchafu hausukumwi na pampu, unashuka wenyewe au haushuki, cheti wanatoa na muhuri wa dhahabu juu. Kijana mwenyewe simlaumu sana. Kuna siku aliniuliza slabu ina unene gani nikamjibu "weka tu".

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: asiyekuchorea mkato wenye namba za kina, kwa penseli, mbele yako, hagusi bomba la taka. Sijali laptopu yake, sijali alisoma wapi.

Namna ninavyowapima sasa ni hii. Nawapa karatasi ya A3, penseli, rula, kikokotoo na plani ya nyumba ndogo yenye vyoo viwili kwa skeli ya 1:50. Saa mbili. Nawaambia chemba ya kwanza ina kina cha sentimita 45, septiki, yaani tangi la maji taka, iko mita 18 mbele, slopu 1 kwa 60, na ardhi INAPANDA sentimita 20 kuelekea kwenye septiki. Nichoree mkato wa ardhi na bomba, niandikie kina pale mwisho. Bomba linashuka 30, ardhi inapanda 20, kwa hiyo mwisho ni sentimita 95. Utashangaa wangapi wanaandika 45 kila chemba kama bei ya daladala. Wengine wanaandika 75 kwa sababu wamesahau ardhi. Huyo wa 75 anafundishika, usimfukuze. Wa 45 mpe maji ya kunywa na nauli.

Mtego wa pili: kwenye plani naacha bimu moja imekatiza njia ya bomba, na mchoro wa bimu nauweka kwenye droo yangu, sisemi kitu. Nasubiri nani atauliza, "Samahani, bimu hii ina kina gani?" Kati ya kumi na moja niliowapima tangu wakati huo, wameuliza watatu. Mmoja ni binti aliyekuwa amemaliza ufundi bomba chuo cha ufundi cha VETA, kuchora kwake kwa kompyuta kulikuwa kwa kukokota, nilimwajiri siku hiyo hiyo. Kompyuta alijifunza kwa miezi miwili. Kuuliza bimu hakuna aliyemfundisha.

Ukibakiwa na muda, mwambie achore maji safi ya bafu moja kwa isometriki ya nyuzi 30, ule mchoro wa mshazari unaoonyesha urefu, upana na kimo kwa pamoja, halafu mwambie ahesabu elbo (viungo vya kona) na tii (viungo vya njia tatu) kutoka kwenye mchoro wake mwenyewe. Idadi ikipishana na mchoro, umeshajua hesabu ya vifaa itakuwaje dukani. Muulize pia bomba la plastiki la PPR la 20 mm tundu lake ni kiasi gani. La PN20, hiyo ni daraja la shinikizo, lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo ndani ni 13.2 tu. Anayekwambia "si 20 hiyo hiyo" bila kusita ndiye atakayewafanya watu wa juu waoge kwa vikombe.

Mshahara na programu nitakuja kukuandikia kesho, usingizi umenishika. Lakini jibu hili kwanza kabla hujampigia huyo wa pili: septiki ya hosteli yenu iko mbele au nyuma ya jengo? Na kiwanja kinateremkia wapi? Maana kama iko nyuma na kiwanja kinapanda kuelekea huko, mimi nakuja huko kwa basi la alfajiri, na penseli naleta mwenyewe.