Ukiigiza Star Trek ya Kale Jukwaani, Usiikejeli

Siku ukipata wazimu wa kuchukua kipindi cha Star Trek ya miaka ya sitini, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu meli ya angani, na kukifanya igizo la kuchekesha, la kwanza ni hili: usikikejeli. Mimi niko kwenye kikundi cha maigizo cha mtaani hapa Oregon, watu wa kujitolea tu, na kila mgeni anayejiunga huanza kwa kumuiga William Shatner, aliyemwigiza Kapteni Kirk, akikatakata maneno. Watu hucheka dakika mbili. Kipindi kina dakika hamsini.

Wazo lenyewe si letu. Kuanzia 2009 hadi 2013, kila kiangazi, kundi la Atomic Arts lilikuwa na Trek in the Park mjini Portland: kipindi kimoja kwa mwaka, bustanini, bila kiingilio. Kilichowavuta watu ni kwamba waigizaji walikuwa wanaamini. Kirk ana uchungu kwelikweli, Spock, msaidizi wake asiyeonyesha hisia, hatikisiki, na hapo hapo mbwa wa mtu anabweka kwenye nyasi. Kicheko kinatoka hapo, hakihitaji kusukumwa.

Kwa kuanzia chagua “The Trouble with Tribbles” ya David Gerrold, iliyorushwa Desemba 1967, kwa kuwa yenyewe ni vichekesho tayari. Tribble ni kinyama cha manyoya, duara, hakina kazi ila kula na kuzaa, na kinaijaza meli nzima. Kuna mahali Spock anapiga hesabu: ukianza na mmoja, na kila aliyepo akizaa kumi kila baada ya saa 12, kwa siku tatu wanafika 1,771,561. Mwigizaji aitamke tarakimu hiyo kama karani wa benki anayekusomea salio. Akitabasamu kidogo tu, basi, mmeharibu.

Halafu kuna ile ghala ya nafaka. Kapteni anafungua mlango ulio juu ya kichwa chake, Tribble wanammwagikia hadi kifuani, na anapoendelea kuongea bado wanadondoka, mmoja mmoja. Kwenye televisheni waliokuwa wakiwarusha walikuwa wamejificha huko juu, hawaoni vizuri kinachoendelea chini. Jukwaani unahitaji ngazi, gunia na mtu mwenye subira. Sisi tulishona wetu kwa manyoya bandia, ndani pamba ya mito. Mwaga wengi kwanza, kisha acha. Kapteni aanze sentensi, dondosha mmoja. Ajikaze, aanze tena, ngoja, ngoja kidogo, dondosha mwingine. Fanyeni mazoezi ya hapa kuliko mahali pengine popote. Kwetu anayekaa ngazini ni mama mmoja mstaafu, na makofi yake huwa mengi kuliko ya kapteni (kapteni hafurahii).

Vifaa visikuumize kichwa. Ile mashine ya kuwasafirisha watu kwa mwanga ilibuniwa kwa sababu bajeti haikutosha kutua na chombo kila wiki, kwa hiyo tochi na sauti ya mdomo vinatosha. Meli ikipigwa, wote mlalie kushoto, kisha kulia, kwa mpigo mmoja. Wapo wanaopenda mmoja achelewe makusudi. Mimi sitaki, nidhamu inachekesha zaidi.

Ugomvi wa baa pia uchezwe kwa utulivu. Mklingoni, mtu wa jamii hasimu ya angani, anamtukana kapteni, na Scotty, mhandisi wa meli, anamzuia mwenzake Chekov asipigane. Mklingoni anapoitukana meli, Scotty anarusha ngumi. Baadaye Kirk anagundua kwamba hakupiganiwa yeye. Mwache anyamaze kidogo, hadhira itamalizia.

Jambo la mwisho ni haki miliki. Kutotoza kiingilio si ruhusa, na hati za vipindi hivyo zina wenyewe. Waandikie mapema, kabla hujashona hata Tribble mmoja, maana manyoya yakishakatwa duka haliyapokei tena.