Mwalimu Nijibu: Masta ya afya ya jamii kwa mtandao, nianze ama niwache?

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni nesi, niko zahanati moja huku kisiwani Lamu, digrii ya uuguzi nimeimaliza nikiwa kazini. Nataka kusoma masta ya afya ya jamii, ile MPH, kwa mtandao manake Nairobi siwezi kwenda, nina watoto watatu na mama mkwe ana sukari na mimi ndiye namwangalia. Sasa nimeambiwa mengi mpaka nimechanganyikiwa. Mwenzangu kazini asema digrii ya online haitambuliwi, mume wangu auliza bando itakuwa pesa ngapi, na kuna kijana amenitumia meseji WhatsApp ati kuna chuo cha nje, nikituma shilingi elfu 30 leo barua ya kukubaliwa naipata kesho, hata transkripti ya maksi zangu hataki. Na nasikia madarasa ni usiku wa manane. Nishauri tafadhali. (Nesi, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Tuanze na huyo kijana tummalize. Chuo kisichotaka kuona transkripti yako hakina haja na wewe, kina haja na hizo elfu 30. Chuo cha kweli kitakusumbua, kitataka transkripti, cheti, barua za wakubwa wako wa kazi, insha ya kwa nini wataka kusoma, na vyengine vitataka hata mtihani wa Kiingereza. Mblock huyo, usimjibu hata kwa matusi.

Mwenzako wa kazini naye kasikia nusu. Kusoma kwa mtandao peke yake hakuifanyi digrii kuwa mbovu, linaloangaliwa ni chuo kilichoitoa kama kimeidhinishwa kwao na kama hapa Kenya kitakubaliwa. Mambo hayo kwetu yako kwa CUE, tume ya vyuo vikuu, na KNQA wanaosimamia sifa za masomo, waandikie wote wawili kabla hujalipa, utaje jina la chuo na jina la kozi vile lilivyo, majibu yao uyaweke. Kisha mwulize na afisa wa wafanyakazi wa kaunti kama hiyo digrii itakupandisha cheo au itakaa kwenye fremu ukutani tu, manake watu wengi hilo huliuliza wakishamaliza.

Vyuo vya hapa nyumbani, Nairobi, Kenyatta, Moi, JKUAT, wote wana MPH, lakini uliza vizuri ni masomo mangapi kwa mtandao na mara ngapi utatakiwa ufike mwenyewe, usije ukajikuta wapanda boti kwenda Mokowe na basi la Nairobi kila mwezi. Ukitaka nje, London School of Hygiene and Tropical Medicine wana masta ya afya ya jamii ya kusoma ukiwa mbali, digrii yenyewe hutolewa na University of London, na unaweza kuisambaza miaka kadhaa ukilipa moduli kwa moduli. Ada inauma, sikufichi. Ndio maana kuna skolashipu za Jumuiya ya Madola za watu wanaosoma wakiwa kwao, serikali ya Uingereza ndiyo inayogharamia na Wakenya wanaruhusiwa kuomba, lakini hutolewa kwa kozi walizozichagua wao tu, kwa hivyo tazama orodha ya mwaka huo kwanza ndipo uombe chuo.

Bando mwambie mume asiwe na wasiwasi sana. Masomo mengi ni makala za kusoma na video zilizorekodiwa, utazishusha mahali penye waifai, utazitazama stima ikiwa imepotea. Kinachokula bando ni madarasa ya moja kwa moja, na hapo ndipo penye swali lako la usiku. Darasa la saa kumi na mbili jioni New York, kwetu ni saa saba usiku, na wakisharudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba linakuwa saa nane. Darasa la saa hiyo hiyo London ni saa mbili au saa tatu usiku kwetu, hapo angalau watoto wanaenda kulala. Na wewe una shifti za usiku, kwa hivyo chagua kozi ambayo kukosa darasa la moja kwa moja hakukukatii maksi. Hilo lazima wakuandikie kwenye barua pepe, usikubali la mdomo.

Sasa nikwambie kinachowaangusha watu. Ni hesabu. Kila anayeniandikia anauliza bando na kutambuliwa, hesabu hakuna aniulizaye, na muhula wa kwanza karibu kila MPH unakutana na takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya vile magonjwa yanavyoenea, kwa pamoja, na wewe hesabu ya maana mara ya mwisho kuishika ilikuwa fomu foo.

Hebu tufanye moja hapa hapa. Tuseme kulikuwa na harusi, watu 80, kesho yake watu wanaharisha. Wapita nyumba kwa nyumba wauliza, wewe ile sharubati ya ukwaju ulikunywa ama hukunywa? Waliokunywa ni 40, wameugua 20. Ambao hawakunywa ni 40, wameugua 5. Kati ya waliokunywa wameugua asilimia 50, kati ya wasiokunywa asilimia 12.5, basi aliyekunywa hatari yake ni mara 4 ya mwenzake. Hadi hapo hakuna ugumu. Lakini mwalimu hakuachii hapo, atakuuliza, je kama waliokunywa sharubati ndio hao hao waliokula kachumbari? Hao 5 wameugua na nini? Na anayeendesha tumbo si ndiye atakayekumbuka vizuri alichokunywa, kuliko yule mzima anayekujibu ilimradi uondoke mlangoni? Na hiyo mara 4 haiwezi kutokea kwa bahati tu? Ukiona maswali hayo yanakuvuta basi kozi utaipenda, ukiona yanakuchosha saa hii ningekwambia ungoje mwaka. Tafuta kitabu cha takwimu za mwanzo, na R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure, ishushe uanze kuichezea kabla ya kulipa chochote.

Na kuna jambo ambalo wewe umemzidi mwanafunzi wa Nairobi. Ile MOH 705, ripoti ya wagonjwa wa nje, unayoijaza mwisho wa mwezi ukinung'unika ni data. Na kisiwa chako chenyewe kimo vitabuni. Mwaka 2004 chikungunya ilipopiga Lamu watu wakitembea wameinama kwa viungo, wataalamu walipopima damu waliona karibu watu 3 kwa kila 4 walikuwa wameshaipata. Kulikuwa na ukame, maji yanawekwa ndani kwenye madebe na mapipa, na mbu wa Aedes, ndiye anayeueneza ugonjwa huo, anazaliana kwenye maji hayo hayo ya nyumbani. Mwaka uliofuata ugonjwa ukawa umefika Komoro, kisha Réunion. Mwanafunzi wa nchi nyengine atausoma mfano huo kwenye slaidi, wewe wazijua nyumba.

Lakini rejista za zahanati si zako kwa sababu wewe ndiye unayeziandika. Ukifika kwenye tasnifu utahitaji kibali cha maadili cha chuo chako na cha kamati ya hapa Kenya, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya kaunti. Ni miezi hiyo, anza mapema, na usikusanye hata jina moja kabla vibali havijatoka.

Mama mkwe na watoto sina dawa yao. Ila kaeni na mume mpange ni saa zipi ni zako kabisa, manake watu wa nyumbani wakikuona umeinamia laptop wanadhani uko Facebook, utaitwa uchemshe chai.

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni mhasibu wa hoteli Malindi, digrii yangu ni ya biashara. Utalii ukilala na sisi twalala. Nikipata MPH nitaweza kuandikwa kama afisa wa afya? (Mhasibu, Malindi)

JIBU: Bwana mhasibu, hapana. Afisa wa afya ya umma anasajiliwa na baraza lao, PHOTC, kwa sheria ya 2013, na wanaangalia mafunzo yako ya msingi, masta juu ya digrii ya biashara haikuingizi kwa mlango huo. Tena vyuo vyengine vinataka digrii ya afya au uzoefu wa kazi za afya, vyengine hasa vya Marekani vinapokea digrii yoyote, soma masharti kwanza. Lakini usikate tamaa haraka. Ndani ya MPH kuna sera na usimamizi wa afya, na kuna uchumi na fedha za afya, na tangu SHA ishike nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya Oktoba 2024, hospitali zinahitaji watu wanaojua madai yanaandikwa vipi na kwa nini yanarudishwa. Mhasibu anayejua na magonjwa anatafutwa. Jaribu kozi moja fupi ya fedha za afya kabla hujajifunga na ada ya masta nzima.

SWALI: Naweza kusoma hiyo masta kwa simu tu? (Msomaji, Shela)

JIBU: Video utatazama, makala utasoma, hata kwenye majadiliano utachangia. Lakini Stata, programu ya takwimu, haifanyi kazi kwenye simu, na mitihani mingi ya mtandao inataka laptop yenye kamera ikutazame ukiandika. Azima kwanza kabla ya kununua, na uipime betri yake.