"Has yet to": ukanusho unatoka wapi bila "not"?

Swali: Kazini tumepokea barua ya Kiingereza yenye sentensi hii: "The committee has yet to decide on your application." Mwenzangu anasema kamati imeshaamua, kwa kuwa hakuna "not" popote. Mimi naona haijaamua, ila nashindwa kumweleza sababu. Nilifundishwa kwamba "yet" ni "bado" na hukaa mwishoni mwa sentensi ya kukanusha. Hapa limefikaje katikati?

Jibu: Uko sahihi, kamati haijaamua. Tafadhalini msiijibu barua hiyo kana kwamba uamuzi umeshatoka.

Mwenzako amekwazwa na "has". Ameizoea kwenye "has decided", yaani imeamua. Lakini atazame kinachofuata: si "decided", ni "to decide". "Has to decide" ni "inapaswa kuamua", na "yet" ikiingia katikati inaonyesha kwamba kazi hiyo ingali mbele. Jambo linalongoja kufanywa halijafanywa, basi ukanusho umo ndani ya maana yenyewe. Nasi tunasema hivyo kila siku: "Mpangaji bado kulipa." Hakuna "ha-" wala "si-", na hakuna anayeelewa kwamba amelipa. Mwambie aisome sentensi hiyo kama "Kamati bado kuamua", ataiona mara moja. Katika tafsiri rasmi andika "Kamati bado haijaamua kuhusu ombi lako". Mkikutana na "is yet to decide", maana ni ileile.

Ugumu mkubwa zaidi kwetu uko kwenye "bado" yenyewe, kwa sababu inafanya kazi mbili. "Bado amelala" ni hali inayoendelea. "Bado hajaamka" ni jambo ambalo halijatokea. Kiingereza cha leo kimezigawa kazi hizo: ya kwanza ni ya "still", "He is still asleep", ya pili ni ya "yet", "He hasn't woken up yet". Ukiandika "He is yet sleeping" utaeleweka, lakini utasikika kama mtu wa zamani. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina "while we were yet sinners", pale ambapo ya Kiswahili inasema "tungali wenye dhambi". Matumizi hayo yalikuwa ya kawaida enzi hizo. Katika barua ya kazini yaache.

Unaweza pia kusema "He still hasn't woken up", na ni sahihi kabisa, ila hapo msemaji ameanza kuchoka kungoja. Tofauti hii naisisitiza sana kwa wanaowaandikia wateja. "You still haven't paid" ni lawama. "We have not yet received your payment" ni taarifa, na anayeipokea hana sababu ya kukasirika. Angalia pia mahali: katika mazungumzo "yet" hukaa mwishoni, lakini katika maandishi rasmi hupendeza ikiifuata "not" moja kwa moja.

Kwenye maswali, "Have you finished yet?" ni "umeshamaliza?" ya mtu anayengoja jibu. "Have you finished already?" mara nyingi ni mshangao: mara hii umemaliza! Wamarekani husema pia "Did you finish yet?", jambo ambalo Waingereza wengi hawalifanyi; zote utazisikia.

Kuna "yet" nyingine isiyohusu wakati: "The work is hard, yet she enjoys it", kazi ni ngumu, hata hivyo anaifurahia. Ina nguvu kuliko "but", kwa hiyo itumie pale tu sehemu ya pili inapokwenda kinyume na ulichotarajia. Hapa Kiswahili chetu kinatuponza: sisi husema "ingawa… lakini…", kisha tunaandika "Although the work is hard, but she enjoys it". Hilo ni kosa. Ukianza na "although", weka mkato na uendelee, bila "but". Ukitaka "yet", basi iondoe "although".

"Yet another letter" ni barua nyingine tena, kwa sauti ya kuchoshwa. Usimwandikie hivyo mtu unayetaka akusaidie.